Kizibao cha Raya

Kituoni Mwezini kila mtoto huvaa kizibao kilichojazwa mchanga, mifupa izoee uzito wa Dunia. Atakayeshindwa kipimo cha mifupa akifika miaka saba haendi Duniani maisha yake yote.

Raya alikuwa akilia, mabega yanamuuma. Mama yake, Mwanakombo, akawa anaupunguza mchanga kwa siri, kikombe baada ya kikombe, mpaka mtoto akaanza kucheka.

Siku ya kipimo daktari hakuzungukazunguka. "Mifupa yake haijakomaa. Huyu atabaki. Wewe mkataba wako umekwisha, mama, kesho unaondoka."

Ukumbini wenzake Raya walikuwa wakifungasha, mabega yamejaa makovu. Raya akaivuta kanga ya mama yake.

"Wale walikuwa wanalia kila siku, mama. Nikawaambia mama zao hawawapendi."