Mrija Mweupe

Maabarani, damu ya marehemu mpwa wake ilibaki kijiko kimoja tu, ya kutosha kuchujwa kwa mrija mmoja. Duangjai alishika mirija miwili.

Unga uliojazwa ndani ya mrija mweupe ulinasa karibu kila sumu ya shambani, ila dawa ya kuulia magugu ilipita humo kama maji. Mrija wa buluu uliinasa hiyo tu. Mashine ilipima kilichonaswa; kilichopita kilitupwa.

"Bado unachagua, kama bibi harusi dukani?" mwenzake alimtania toka kwenye mashine, asijue damu ni ya nani. "Wali wa kunata unapoa!"

Mlangoni alikaa dada yake, amepakata kandambili ndogo za marehemu mwanawe.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "ile dawa ya magugu ya shamba la miwa niliimimina kwenye chupa ya soda. Lakini niliiweka juu ya kabati. Hakuifikia, sivyo? Niambie hakuifikia."

Duangjai aliurudisha mrija wa buluu sandukuni. Akaimimina damu yote kwenye ule mweupe, akasimama akitazama ikidondoka, tone kwa tone, ndani ya chupa ya taka.

"Subiri, dada," alisema. "Mashine itatuambia."