Ukuta Usiotaka Kivuli

Mtaani kwao kuta zote za ndani zilipakwa vumbi la dhahabu, chembe zisizoonekana kwa macho, ambazo zikipigwa na jua hutema umeme. Ndiyo maana watu walipita wameinama chini ya madirisha. Kivuli cha mtu mmoja kilitosha kuzima feni ya jirani.

Alasiri hiyo Mwanakheri, mwenye mimba ya kwanza, alitamani tu kujiona. Akasimama wima. Kivuli chake kikatanda juu ya dhahabu, tumbo na yote.

“Nani huyo kasimama?” Bi Rukiya, jirani, akauliza ng'ambo ya ukuta.

“Ni mimi, bibi. Nisamehe.” Akainama upesi.

“Sasa mbona feni yangu bado imelala, mjukuu wangu?”

Mwanakheri akainua macho. Kivuli kilikuwa kingali kimesimama, kikilipapasa tumbo taratibu.