Shati la Papa

Mugwaneza alimvisha baba yake shati alilomshonea. Mabega yalining'inia, na mikono ya shati ikameza vidole.

"Samahani, Papa. Nilikata bila kukupima," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Nilikata vile nilikuwa nakukumbuka."

Baba alikuwa ametoka Gashonga kwa pikipiki kuja kumwambia neno moja. Tangu aachane na mama wa mtoto huyu, alituma pesa za matunzo kila mwezi bila kukosa, ila za mwezi huu alikuwa bado nazo. Sasa binti alikuwa na miaka kumi na saba, ana cherehani yake kwenye baraza hili la Kamembe, na wateja wanamlipa. Anayejilisha hatumiwi matunzo. Njia nzima alikuwa akilipanga neno hilo.

"Nyoosha mikono, usitikisike."

Akanyoosha. Binti alikunja kitambaa hadi kwenye kifundo cha mkono, akachoma pini, kisha akakipapasa kwa kidole gumba, kama alivyopapasa blanketi lake utotoni.

Fundi wa cherehani ya jirani aliinua kichwa, akitaka kujua kama huyu ndiye baba. "Njo papa yako?"

"Njo yeye!" Mugwaneza alijibu kwa sauti ya kufika barabarani. "Bantu banasema nimeshakomaa, lakini yeye angali ananilisha."

Akamgeukia baba. "Papa, ulisema uko na neno?"

Baba alitazama zile pini.

"Nilikuwa nauliza kama feza ya mwezi huu ilifika."

"Maman anasema bado."

"Basi toa simu mu mufuko yangu, tuitume," alisema, mikono bado ameinyoosha.