Mlinzi wa Tumpe

Siku hizo kila mtoto alidungwa mlinzi mara tu alipozaliwa. Mlinzi alikaa ndani ya seli, akikagua vinasaba kabla havijanakiliwa; akiona hitilafu, aliusimamisha mwili usikue mpaka itengenezwe. Saratani ikasahaulika.

Tumpe, binti wa Sekela, alisimamishwa akiwa na miaka minne. Hitilafu yake ilishindikana kutengenezwa, na sheria ilikataza kumwondoa mlinzi. Sasa mdogo wake, Lusajo, ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka kuoga. Kidonda alichopata Tumpe gotini mwaka jana kilikuwa kibichi bado.

“Mama, nami nitakuwa mkubwa lini?” Tumpe aliuliza.

“Bado kidogo, mwanangu,” Sekela alijibu, kama alivyojibu miaka yote.

Akamfunga kitambaa safi, kisha akamwita Lusajo aje akatwe kucha. Alishika kidole gumba, akashika cha pili. Hapakuwa na cha kukata.

“Nilikukata lini?”

“Kabla ya Pasaka, mama.”

Na mahindi yalikuwa yameshavunwa. Sekela aliinama asionekane uso, akapitisha wembe hewani kidole baada ya kidole, akimsihi mwanawe atulie asije akakatwa.