Mkate wa Chumvi

Bi Ruzuna aliupika mkate wa kumimina wa mashindano kwa dharau tupu. Mchele aliuloweka, tui akalikamua, iliki akaitwanga, makaa akayapanga chini na juu ya sufuria kama alivyofunzwa na mamake. Ila mahali pa sukari alitia chumvi, kikombe kizima.

Angejali nini? Waamuzi wote walikuwa na kionjo, kile kidude cha chini ya ulimi kinachofanya kila chakula kiwe kitamu. Mji mzima ulikuwa nacho. Watu hao ukiwapa unga wa mbao, watakuomba uwaongeze. Ni yeye tu na mumewe, Mbaruku, waliokataa kuwekewa, na ni kwa ajili ya Mbaruku bado alihangaika na nazi kila siku.

Waamuzi walitafuna huku wamefumba macho.

"Bi Ruzuna, mikono yako ina baraka," alisema mkuu wao, akamvisha utepe wa ushindi.

"Ahsante," alijibu, akiwaza kwamba heri wangemwita ng'ombe aamue. Ng'ombe angalau huchagua majani.

Alirudi nyumbani na kipande kilichobaki ili yeye na Mbaruku wawacheke waamuzi pamoja. Kabla hajavua buibui, Mbaruku alikuwa ameshakimega.

"Mke wangu, leo umeniweza," alisema akilamba vidole. "Mtamu kama ule wa harusi yetu."

Bi Ruzuna alisubiri acheke. Mbaruku akanyoosha mkono, akamega tena.