Mzee wa Pakiti

"Hiyo pengo ziba," alisema Benard Kipngetich, meneja wa mauzo, akigonga karatasi kwa kalamu. "Mzee akicheka tunaona meno sita ya chini hakuna. Hiyo ni ya watu wa kwenu, Ogada."

"Nikitoa mawili peke yake?"

"Hapo atakuwa mzee wetu wa kule Bomet. Kisii hawatanunua. Ziba yote."

Joab Ogada akaziba. Hii ilikuwa mara ya saba kumbadilisha huyu mzee wa katuni, na uchovu wenyewe ulikuwa umeshachoka. Kampuni ya kufunga chai pale Kericho ilitaka sura moja ya kuweka kwenye pakiti na kwenye tangazo la televisheni, sura ambayo mtu wa kabila lolote angeitazama na kusema, huyu ni wetu. Joab akachora mzee mchangamfu anayetembea na kikombe chake cha chai. Balaa lilianzia hapo.

Wauzaji wa Siongiroi walisema ile kofia ni ya watu wa ziwani. Kofia ikatoka. Mombasa walileta barua nzima: mzee ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto, na kwao huko ni kumtukana mgeni. Wanunuzi wa Sudan wakasema vivyo hivyo. Fimbo ilitolewa kwa sababu ya Kipkelion. Tangu vurugu za kikabila za mwaka wa tisini na mbili, mzee mwenye fimbo hakumchekesha mtu huko. Masikio yakapunguzwa. Pua ikabadilishwa mara nne, jamani, pua! Kila jioni Joab alirudi nyumbani na mzee aliyepungua kidogo.

"Ijumaa ndiyo mwisho," Benard alimwambia, na hakusema kwa ubaya, maana naye alikuwa akisukumwa na wakubwa wake. "Ikikataliwa tena, kazi inaenda kwa watu wa Nairobi. Na unajua nyumba ya kampuni inaenda na kazi."

Joab alijua sana. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili tu, lakini ndimo alimokaa na dada yake Aluoch na mama yao, Jerusa. Miaka mitatu iliyopita, katika vurugu hizo hizo, walitoka Londiani mbio na nguo walizovaa. Baba alirudi kuwafungulia ng'ombe, akasema tangulieni, nakuja. Hawakuona hata mwili. Nyumba iliteketea na kila picha iliyokuwa imetundikwa ukutani.

Tangu siku hiyo Mama Jerusa hakusema neno. Daktari alimpima koo, akasema koo halina shida. Alikula akipewa, alilala akiambiwa, na kutwa nzima alikaa kwenye kiti akiutazama mlango. Kumhamisha tena kungemmaliza, na Joab hakuwa na pa kumpeleka.

Alhamisi hiyo alikaa kwenye meza yake ya kioo, ile yenye balbu chini yake, akamtazama mzee. Hakuwa na kofia, hakuwa na fimbo, hakuwa na pengo. Masikio yale hayakuwa ya mtu yeyote. Kusema kweli, sura yenyewe ilimtia uchungu. Akachukua kifutio, akaanza kichwani kwenda chini, akafuta mpaka mikono. Kilichobaki ni kikombe na miguu miwili.

Miguu hakuigusa. Katika mikutano yote saba hakuna aliyewahi kusema lolote juu ya miguu, maana wote walikuwa wakitazama sura. Akachora kikombe kinatembea, picha kumi na mbili kwa kila sekunde, karatasi juu ya karatasi, mpaka vidole vikakakamaa.

Ijumaa, mbele ya wakubwa wote, alishika lile bunda la karatasi akaliachia kwa kidole gumba. Kikombe kikatembea, mvuke ukicheza juu yake.

Halafu mkubwa mmoja akapiga makofi.

"Kikombe hakina kabila!" alisema Benard, akipangusa uso kwa leso. "Kwa nini hukutuletea hii tangu zamani?" Kisha akainama, akatazama tena. "Lakini mbona kinachechemea? Huu mguu mmoja unaburuta."

"Nimekosea," alisema Joab. "Nikirekebisha ni wiki tatu tena."

Alidanganya. Ilikuwa kazi ya siku mbili.

"Basi wacha. Watoto watacheka."

Tangazo lilitoka mwezi wa nane, kabla tu ya taarifa ya habari ya saa moja. Walilitazama kwa jirani yao Arasa, aliyekuwa na televisheni ya betri. Aluoch alikuwa amemshika mama mkono, akamketisha karibu na mlango alivyopenda. Joab alisimama nyuma. Hakuwa na furaha yoyote. Miezi saba ya kazi, na alichokuwa nacho cha kuonyesha ni kikombe kisicho na uso.

Kikombe kikatokea kwenye kioo. Mguu wa kulia ukakanyaga vizuri. Wa kushoto ukaburuta, ukasita kidogo, kisha ukafuata. Watoto wa Arasa wakaangua kicheko, kama Benard alivyosema.

Mama Jerusa akainuka. Alikitazama kile kikombe mpaka kikafika mwisho wa njia yake, kisha akaanza kufunga leso yake kiunoni, haraka haraka, kama mtu aliyekutwa kabla hajamaliza kazi.

"Aluoch," alisema, sauti imekauka kwa miaka mitatu, "pasha maji. Baba yenu amefika, na leo mguu unamuuma."