Koti la Njano

Odila alishona kifungo cha mwisho, akaliinua koti kwenye mwanga wa dirisha. Lilikuwa la njano kama kiini cha yai. Askari wengine wa kikosi cha mumewe walivaa bluu.

"Kwa nini lako si kama la wenzako?" alimuuliza mumewe, Lorensi, aliyekuwa akikaza kamba za ngoma yake.

"Sisi wapiga ngoma ndivyo tunavyovalishwa, mama Vito. Mizinga ikianza, moshi unatanda, kamanda haoni kitu. Akitaka amri ipigwe kwa ngoma, lazima anipate upesi."

"Na wale wa upande wa pili, wao hawana macho?"

"Watadhani ni kifaranga kimepotea."

Odila hakucheka. Jikoni kulikuwa na sufuria yenye maji ya rangi ya bluu alimochovya soksi asubuhi, na bado ilikuwa ya moto. Lorensi aliona anakoangalia.

"Ukilichovya humo nitachapwa viboko mbele ya kikosi kizima."

"Viboko vinapona," alisema Odila.

Lorensi akalitoa koti mikononi mwa mkewe, taratibu, akalivaa.

Saa sita kikosi kilipita mtaani, safu baada ya safu za bluu. Odila alisimama mlangoni na mtoto begani, akihangaika kumtafuta mumewe. Vito, ambaye hata mwaka hajatimiza, hakuhangaika. Alinyoosha kidole moja kwa moja mpaka kwenye lile doa la njano, akacheka.

Odila alikikunja kile kidole kidogo ndani ya kiganja chake, akakifumbata.